Gauni Lenye Mbavu za Mtego

Jumatatu, tarehe 27 Mei 1957

Nimeamua kuandika kwa Kiswahili. Kifaransa ni cha shule, cha kuandika dictée ya masista na cha kuwajibu "oui, ma sœur". Hasira yangu haijui Kifaransa. Ikitoka inatoka kwa Kiswahili, na mara nyingi haitoki kabisa. Inabaki kooni kama mwiba wa samaki. Basi ije hapa.

Leo nimepita sokoni na yaya Angélique, dada yangu mkubwa; ya Angélique, ndivyo ninavyomwita. Alikuwa amebeba moteur ya vantilateri kuukuu, ile ya kupepea hewa, ameifunga kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Mafundi wa kushona walikuwa wamekaa kwenye baraza la duka la Mgiriki, kila mmoja na mashine yake. Mmoja wao, yule Lambert, akaita:

"Angélique! Unaenda kupika ile na majani ya pondu?"

Wenzake wakacheka. Akaongeza:

"Sisi tunakanyaga na miguu, yeye anataka kushona na umeme! Kesho atashona na avion, aruke angani!"

Ya Angélique hata hakusimama. Akamwambia: "Tonton Lambert, tunza ile miguu. Utaihitaji kunifuata." Wakacheka tena, lakini sasa walikuwa wanamcheka Lambert.

Na mimi? Nilitazama viatu vyangu. Nina miaka kumi na sita, ninajua kuandika composition ya kurasa tatu juu ya msitu, na mtu akimtukana dada yangu ninatazama viatu. Nilipata jibu zuri kabisa tulipofika nyumbani. Jibu la bure!

Jioni akaja Constant. Huyu ndiye atakayemwoa ya Angélique, Mungu akipenda na Papa, baba yetu, akimaliza kufikiri. Anafanya kazi kwenye mtambo wa umeme wa mto Tshopo. Ndiye aliyeipata moteur na kuifufua. Leo akaifunga kwenye mashine, akaunga waya, na — mama yangu! — mashine ikakimbia kama imeona nyoka. Sindano ikavunjika. Constant akakuna kichwa, akasema labda haiwezekani. Ya Angélique akatoka nje, akarudi na boya la zamani la nyavu za Papa, lile la mti mwepesi, la mviringo. Akalitoboa katikati, akasema: "Pitisha mukaba hapa. Gurudumu kubwa itatembea polepole." Ikatembea polepole. Constant alimtazama mpaka Mama akakohoa.

Jumatano, tarehe 29 Mei

Niandike juu ya gauni, maana nyumba nzima haina habari nyingine.

Berthe wa mtaa wa nyuma anaolewa na karani tarehe 15 Juni. Ameleta picha iliyokatwa kwenye katalogi ya Ulaya: mwanamke mweupe, kiuno kama cha nyigu, sketi imesimama pande zote kama mwavuli. "Nataka hii," anasema, "lakini kubwa kuliko hii."

Kila fundi wa Kisangani ameshajaribu sketi hizi. Wanazitia wanga wa muhogo mpaka zinalia kama karatasi. Bibi arusi anaingia kanisani akiwa mwavuli, na Injili ikifika amekuwa kuku aliyenyeshewa. Joto letu halina heshima kwa wanga. Wengine wanatia waya. Ukiketi unajikunja, ukisimama haurudi.

Ya Angélique alikaa na ile picha siku nyingi. Halafu asubuhi moja alichukua mtego wa samaki wa Papa, ule mpana mdomoni na mwembamba nyuma, akaugeuza mdomo chini. Akauweka juu ya meza. Akaniita.

"Féli, unaona nini?"

"Mutego."

"Tazama vizuri, wewe musomi."

Nikatazama. Ilikuwa sketi!

Mtego unawekwa katikati ya maporomoko, pale maji yanapotaka kubomoa hata mawe. Unabonyea, unarudi. Kama kekele, hii kamba ya msituni tunayosukia mitego, inaweza kusimama mbele ya mto ule, itashindwa na joto la kanisa? Basi amechana kekele nyembamba sana, nyembamba kuliko utambi wa taa, akaisuka mbavu kama za mtego, na kila ubavu anaushonea ndani ya popelini kwa mashine. Mguu wa mtu haungeweza, maana kitambaa kina tabaka nyingi na mshono ni mrefu na lazima usisimame. Moteur haichoki. Mkono unajua, moteur haichoki. Hivyo ndivyo anavyosema.

Leo nimeshika sketi kiunoni kwangu. Nikaibonyeza, ikarudi. Nilicheka peke yangu kama kichaa.

Alhamisi, tarehe 30 Mei — Kupaa kwa Bwana

Hakuna shule. Baada ya misa, wavuvi wawili walimsimamisha Papa nje ya kanisa. Walimwambia kuwa kwenye maporomoko yote hakuna mdomo wa mtego kama wake, na kwamba mkono wake, mkono wa Lukumani mwenyewe, unazidi kuwa kijana. Papa akatabasamu. Akasema ni neema ya Mungu.

Neema ya Mungu inaitwa Angélique!

Sitamwambia mtu, lakini karatasi si mtu. Macho ya Papa yameingia ukungu mweupe. Yalianza mwaka ule nilipoingia shule ya masista. Anaona mwanga, anaona mtu kama kivuli, hawezi kuona ncha ya kekele. Anakwenda kwenye maji kwa sababu miguu yake inajua kila mti uliosimamishwa juu ya maji kushikilia mitego, na watoto wa tonton Daudi, kaka yake, ndio wanaoinua mitego. Lakini kusuka — hapana. Kwa miaka hii yote mitego yetu anaisuka ya Angélique, chumbani, nyuma ya pazia. Papa anakaa uani na rundo la kekele miguuni, vidole vikitembea tembea, ili wapita njia waone.

Kwa nini kujificha? Kwa sababu ya desturi ya ukoo wetu. Mwanamke anaweza kubeba kekele, kuiloweka, kuichana. Mdomo wa mtego hagusi. Mdomo ni wa wanaume. Wanasema mdomo uliofungwa na mwanamke haushiki kitu, na unaharibia jirani pia. Haushiki! Ni mitego ya nani iliyojaa zaidi msimu uliopita? Ya nani iliyofanya watu waje kutazama? Samaki wote wale, inaonekana hakuna aliyewaambia desturi.

Papa hana mtoto wa kiume. Ana sisi wawili. Alimfundisha ya Angélique mwenyewe, kidole kwa kidole. Zamani niliona ni jambo zuri, baba na binti na siri yao. Leo nje ya kanisa, nilipoona lile tabasamu, sikuona uzuri wowote.

Jumamosi, tarehe 1 Juni

Janga. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi Berthe alikuja kujaribu gauni. Likamkaa! Alizunguka, sketi ikazunguka nyuma yake kidogo, kama inafikiri kwanza. Mama alipiga vigelegele. Ya Angélique alikuwa na pini mdomoni, hakuweza kucheka, akacheka na macho.

Kiunoni, kwa ndani, pale mbavu zote zinapokutana, amezifunga kwa fundo letu. Kila nyumba ya wavuvi ina fundo lake la kumalizia mdomo, ili mitego ikichukuliwa na maji ijulikane ni ya nani. Letu linapita juu mara mbili, linarudi, linajificha. Nikamwuliza kwa nini fundo hili, kwani mafundo yameisha? Akasema wazungu wanashona kitambaa chenye jina la fundi shingoni. "Mimi jina yangu iko hii." Nilifikiri: vizuri sana. Nilifikiri hivyo! Mimi ambaye ninasoma vitabu, sikufikiri zaidi.

Alimwambia Berthe: usitoke nalo, bado pindo. Berthe akasema ndiyo, ndiyo. Tulipogeuka kumpa maji, alikwisha kufika barabarani. Alitaka shangazi yake aone. Jua la saa nne, popelini nyeupe, mwanga unapita ndani — na mbavu zote zinaonekana, moja moja, kama samaki aliyeinuliwa kwenye taa.

Vijana wakaanza: "Berthe! Umemeza mutego?" "Aa-a, mutego ndiyo imemeza Berthe!" "Bwana arusi aingie wapi, juu ao chini?"

Berthe hakujali, akawa anacheka na kuzunguka. Sketi ikainuka. Na aliyekuwa anapita na baiskeli ni nani? Tonton Daudi. Mkubwa wa Papa, mkubwa wa ukoo. Akashuka. Akamwomba Berthe asimame. Akainama pale barabarani, mzee mzima, akatazama fundo la kiunoni likionekana kupitia kitambaa. Halafu akapanda baiskeli bila neno.

Afadhali angepiga kelele.

Jumapili, tarehe 2 Juni

Tonton Daudi alikuja baada ya misa na wazee wawili. Mama alitoa viti na kahawa. Gauni lilikuwa limetundikwa ukutani, hakuna aliyekumbuka kulificha. Mimi nilisimama mlangoni na birika.

Tonton alisema polepole. Alisema ameona fundo la nyumba yetu kwenye kiuno cha mwanamke. Mdomo wa mtego, alisema, umefungwa juu ya tumbo la bibi arusi. Je, watu wafikirie nini? Halafu akauliza: "Lukumani, ndugu yangu. Iko nani alifunga iyi?"

Nilimtazama Papa. Nilijua atasema. Nilikuwa hata na fahari, mapema, kama mjinga. Nilifikiri atasema: ni binti yangu, nilimfundisha mimi, na mkono wake ndio mnaousifu kila Jumapili.

Papa akasema: "Iko mukono yangu. Ni mutego yangu. Aliniibia, akakata, akatia mu robe."

Aliniibia!

Ya Angélique alikuwa amesimama kwenye pazia na pini zake mdomoni. Alizitoa, moja, nyingine, nyingine, akazichoma kwenye mkono wa blauzi. Kila mtu akangoja. Nilijua sasa yeye atasema.

Akasema: "Ndiyo, Papa. Niliiba."

Nilimwaga kahawa kwenye kiatu cha mzee mmoja. Mama akaniita mzembe. Ndiyo, mimi ndiye mzembe wa nyumba hii.

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Shuleni sikusikia kitu. Ma sœur Camille aliniuliza passé simple, wakati uliopita, ya kitenzi "mentir", kudanganya. Kati ya vitenzi vyote vya Kifaransa! Nilijibu vizuri. Nilikaa. Niliandika "il mentit", alidanganya, kwenye dawati kwa kalamu mpaka kalamu ikavunjika.

Sitamsalimia Papa leo.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nilimsalimia. Ilinitoka tu. Nimejikasirikia.

Nimeongea na ya Angélique tulipokuwa tunafua mtoni. Yaani niliongea, yeye alifua. Nilimwuliza anawezaje kujiita mwizi. Akaloweka shuka. Nikauliza tena. Akapiga nguo juu ya jiwe.

"Unafikiri wakijua, watanipa médaille?"

Akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto. Wazee wakijua kwamba mdomo ulifungwa na mwanamke, si mtego mmoja, ni mitego yote ya miaka yote. Kila nyumba iliyokosa samaki itasema: kumbe! Kila mtu aliyeteleza kwenye miti na kuvunjika mguu atasema: kumbe! Watachukua nafasi yetu kwenye maporomoko, ile miti aliyosimamisha babu, wampe mwingine. Papa atabaki mtu anayekaa uani na macho meupe. "Mimi wakiniita mwizi, naendelea kushona. Papa wakimuondoa mu maji, atafanya nini? Utamusomea vitabu?"

Nikasema Papa angeweza kusema alilifunga fundo hilo mwenyewe, kwa mapenzi, zawadi kwa binti. Kwa nini mwizi?

Akafikiri. Akasema, "Juu ya woga. Mutu akiogopa anashika kile kiko karibu."

Alivyosema hivyo, kwa upole, nilitaka kutupa sabuni mtoni. Huu upole wake! Wote wawili wanaogopeana na kusitiriana, na anayelipa ni mmoja tu. Nikamwambia hivyo. Akanirushia maji usoni, akacheka, akasema nikunje shuka.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mwandiko leo ni mbaya. Nimefanya jambo.

Leo wazee walikuja tena, wengi zaidi, kusema uamuzi. Wanawake tulikaa jikoni, mlango wazi, tunasikia yote. Tonton Daudi akasoma hukumu kichwani mwake kama padri. Gauni lichomwe ukingoni mwa maji Jumapili, baada ya misa ya Pentekoste, watu wote waone. Angélique asishone tena kwa bibi arusi yeyote wa ukoo. Na ile moteur irudi kwa Constant, maana hapo ndipo kichwa chake kilipoanza kuharibika. "Ashone na mukono kama wamama wengine. Mapazia. Nguo ya batoto."

Mapazia!

Papa alisema, "Ni vizuri."

Ni vizuri. Maneno mawili. Alikuwa ameketi na mikono juu ya magoti, anatazama mahali ambapo hakuna mtu.

Mzee mmoja akakohoa. Akasema yeye jambo moja halimwingii. Hii kekele ya gauni ni ndefu, haina mahali ilipokatwa. Mtego ukikatwa unaonekana. Sasa huu mtego ulikatwa wapi? Wengine wakaanza kunong'ona. Tonton Daudi akawa anamtazama Papa kwa namna nyingine. Papa akarudia: mkono ni wangu, mkono ni wangu.

Na mimi nikatoka jikoni.

Sijui nani aliyenisukuma. Nilikuwa na kijiko cha mti mkononi, cha kupondea ndizi za lituma, na ndizi zimekishika. Nikasema — na sauti ilikuwa kubwa, sikuijua — "Basi Papa asuke! Asuke mudomo hapa, mbele yenu, afunge na fundo. Kama mukono iko yake, kila mutu ataona."

Kisha tonton Daudi akapiga goti lake kwa kicheko. "Bon! Mutoto ya shule ya basoeurs anaongea! Miaka yote nilifikiri iko bubu!" Wote wakacheka. Na akiwa bado anacheka akasema ni haki, mtoto amesema haki. Lukumani atasuka Jumapili mbele ya wote, ni kazi ndogo kwake, mkono wake ni kijana. Mdomo ukitoka vizuri, mambo yameisha, gauni linachomwa. "Usipotoka..." Hakumaliza.

Ndipo nikaelewa nilichosema.

Nilitaka wamwone. Nilitaka aone aibu, kidogo, kama ile aliyompa dada yangu. Sikutaka — sijui. Nilitaka. Niliitaka kabisa. Nisijidanganye hapa, hapa ndipo mahali pekee.

Ya Angélique hakunitazama jioni yote. Mama alinipokonya kile kijiko, akanipiga nacho begani, halafu akakaa chini akalia.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimerudi kutoka shule nikamkuta Papa uani, na kekele. Safari hii si ya wapita njia. Alikuwa anasuka kweli.

Mwili wa mtego ulikuwa unatoka, si mbaya. Vidole vinakumbuka. Lakini mdomo ni kazi nyingine, ncha nyembamba, nyingi, kila moja inataka njia yake. Alipoteza moja, akaitafuta hewani. Akaichoma kwenye kidole gumba. Damu. Akaifuta kwenye suruali, akaanza tena.

Nilipita kimya lakini alisikia.

"Féli. Ni wewe?"

"Ni mimi, Papa."

"Iyi iko ya juu ao ya chini?" Akaniinulia ncha mbili.

Nikamwambia: ya juu. Akasema asante. Asante! Hakunigombeza. Hakuuliza kwa nini nilimfanyia hivyo. Ningependa anichape. Nilisimama pale na mkoba wangu wa shule, nikamsomea ncha kama sista anavyosoma dictée: ya juu, ya chini, ya juu, hii imerudi. Mpaka akasema, "Jumapili hautakuwa karibu yangu kuniambia." Akafungua yote.

Hata sasa nimekasirika. Nataka iandikwe kwamba nimekasirika. Mtu akiwa na macho mabaya na kidole chenye damu haimaanishi hakumwita binti yake mwizi.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Constant alikuja kuichukua moteur aifiche kwake. Ya Angélique akakataa. Akasema bado ana pindo la kumaliza. Constant akauliza pindo la nini, nguo itachomwa kesho! Akamjibu kwamba haijawahi kutoka nyumbani kwake kazi isiyo na pindo, hata ya kwenda motoni.

Berthe naye alikuja, amevimba macho. Amesema yote ni kosa lake na kiherehere chake. Amesema karani wake anaogopa maneno ya watu. Halafu akasema, "Lakini kama haikuchomwa, nitaivaa. Hata peke yangu barabarani." Kwa mara ya kwanza nimempenda Berthe.

Papa amesuka na kufungua, amesuka na kufungua. Ya Angélique ameshona pindo. Hawajasemezana. Katikati yao kuna pazia tu.

Jumapili, tarehe 9 Juni — Pentekoste

Niko jikoni, daftari juu ya goti. Mama amesema nisitoe mguu nje, nimeshasema ya kutosha kwa maisha yangu yote. Kwa dirisha naona ua wote.

Wamejaa. Wazee mbele, kwenye viti. Wavuvi wamesimama nyuma, bado na nguo za misa. Vijana wako juu ya ukuta. Hata Lambert wa sokoni amekuja, ana nini hapa? Gauni liko kwenye kiti peke yake, limekaa kama mgeni, mafuta ya taa kando yake kwenye chupa, tayari kubebwa mpaka ukingoni. Sketi imesimama vizuri sana. Pindo ni safi.

Papa yuko kwenye mkeka. Amevaa shati jeupe.

Ameanza. Mbavu zinakwenda. Watu wanatikisa kichwa, mmoja anasema unaona, unaona. Tonton Daudi amekunja mikono.

Chumbani mashine inaunguruma. Ya Angélique hakutoka nje. Anashona! Sijui anashona nini, kazi zote zimekwisha. Kitambaa kitupu labda. Gurudumu la boya linagonga kidogo kila likizunguka, tok, tok, tok.

Amefika mdomoni.

Anapapasa. Amepata ncha moja. Ya pili. Ameinua uso, kama wanavyofanya watu wanaosikiliza. Vidole vimesimama. Mtu amecheka kwenye ukuta, tonton amemtazama.

Anajaribu tena. Ncha imetoka upande. Mzee yule wa Alhamisi amesogeza kiti mbele.

Naweza kuita kutoka hapa: ya juu, ya chini. Angesikia. Mdomo wangu umefunguka na hakuna kinachotoka. Bubu! Siku ile ya kumwangusha nilikuwa na sauti.

Papa amesema kitu. Sikusikia. Amesema tena, kwa nguvu:

"Muzimishe ile mashine."

Tonton amesema ndiyo, kelele inamsumbua, wazime. Mashine imezima. Lo! Maporomoko yanasikika mpaka hapa.

Papa ameinua mtego kwa mikono miwili. Tonton amenyoosha mkono kuupokea. Papa hakumpa. Ameugeuza, taratibu, kwa upande wa nyumba, kwa upande wa pazia. Ameushika hivyo, mbele ya watu wote.

"Angélique," amesema. "Kuya hapa, umalize."

Tonton Daudi amesimama nusu, mkono bado hewani. Pazia limesogea. Ya Angélique yuko mlangoni, uzi mweupe umemshika begani, hajashuka ngazi. Anamtazama Papa. Wavuvi wanatazamana. Lambert amevua kofia, sijui kwa nini.

Mama ananishika mkono. Anasema weka ile kalamu, Féli, peleka kiti.

Kiti cha nani, hajasema. Cha mashine ndicho kilicho karibu. Nakwenda nacho, nimwekee ya Angélique pale kando ya Papa.